Tawi Bichi Njia Panda

Tenga la kabichi la Efrazia lilipasuka katikati ya soko la Lushoto, siku ya Alhamisi, saa ambayo hata kuku hana pa kupita. Kabichi zikateremka kuelekea stendi naye akazifuata mbio, gauni la kitenge amelikusanya mkononi, miguu mitupu, akiruka mafungu ya nyanya na peasi kama anayeruka matuta ya shamba la kwao Lukozi. Ya mwisho aliikuta chini ya buti la kijana mmoja mrefu, aliyevaa sare ya kijani ya askari wa wanyamapori.

“Dada, unakimbia hivi bila viatu?”

“Ondoa kwanza buti kwenye kabichi yangu. Nani atainunua na tope?”

“Nimeshainunua mimi.”

“Na nani atakupikia?”

“Si huyo aliyeifukuza?”

Efrazia akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Kijana aliitwa Tobia, mtu wa Magoma, kule chini tambarare. Kazi iliyomleta mjini ilikuwa kuandikisha watu wa Mbio za Faru: kilomita arobaini, kutoka ukingo wa milima hadi ndani ya nyika ya Mkomazi, kuchangia ulinzi wa faru. Na mwanamke wa vijijini atakayetangulia wenzake angepewa nafasi moja ya mafunzo ya uaskari wa wanyamapori.

Efrazia alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu utoto hakuna nguo aliyoitamani kama sare ile. Akajiandikisha palepale, kabichi kwapani.

Miezi minne walifanya mazoezi pamoja kila Tobia alipopata likizo. Kwenye miinuko ya Lukozi, askari alihema hadi ng'ombe wakageuka kumtazama.

“Laazizi, nisubiri basi!”

“Nikusubiri mpaka uzeeke?”

Alipomwacha mbali sana, alimwekea alama. Watu wa ukoo wake wakisafiri kwa kundi, anayetangulia huvunja tawi bichi na kulilaza kukingama njia isiyofaa.

“Wa nyuma akiliona haulizi,” alimwambia.

“Na akiuliza?”

“Atajibiwa na korongo.”

Kwa hiyo mapenzi yalikuwa yamenoga, na mama yake Efrazia alishaanza kuuliza ukoo wa kijana. Kisha, siku nne kabla ya mbio, simu ikaita.

“Efra, mpenzi wangu, nisikilize. Mvua zimekatika, tembo wenye watoto wanazunguka lambo la maji lililo karibu na njia ya mbio. Usikimbie mwaka huu.”

“Mbio zimeahirishwa?”

“Hapana. Wewe tu, usikimbie.”

“Akimbie Marta, mtu wa kwenu Magoma, mimi nikapalilie karoti?”

“Marta ana wenyewe. Wewe nikikupoteza nitakwenda wapi?”

“Sema kweli, Tobia. Hutaki mke mwenye sare.”

Tobia hakujibu. Efrazia alisubiri, akasikia jogoo akiwika upande wa pili wa simu, lakini sauti ya mtu hakuisikia. Kimya kile kilimuuma kuliko tusi. Akakata, na baada ya hapo hakupokea simu yake hata moja.

Siku ya mbio alivaa fulana nyekundu, kaptula nyeusi, na raba alizoazima kwa binamu yake. Walishuka milima kukiwa na ukungu, wakaingia nyika jua likiwa tayari kali. Kufikia kilomita ya thelathini wanaume watano walikuwa mbele yake, hawaonekani tena. Nyuma yake, hatua mia mbili tu, alikuja Marta mwenye miguu ya swala. Nyuma ya Marta, wengine wote.

Njia ikagawanyika. Bendera nyekundu zilielekea kushoto, zimefungwa juu ya migunga mkono usikofika. Lakini chini, likiikingama njia hiyohiyo ya kushoto, lililala tawi bichi.

Efrazia akasimama ghafla.

Mtu mmoja tu katika nyika nzima alijua maana ya tawi lile, naye alifundishwa na yeye mwenyewe. Njia ya kulia ilizunguka kilima, kilomita tatu zaidi. Basi ndiyo hila yake! Mimi nizunguke, Marta wake afuate bendera, sare iende Magoma. Hasira ikampanda. Akainua mguu alivuke.

Macho yake yakaangukia vumbi. Nyayo za buti, hatua ndefu za mtu anayekimbia, zilikwenda kushoto, zikipita juu ya nyayo za wale wanaume watano. Tobia mwenyewe alikuwa ameingia huko. Na mtu hamtegi mwenzake kisha akajitumbukiza yeye.

Akashusha mguu. Akaogopa, safari hii kwa ajili yake.

“Pisha!” Marta alishafika.

“Usipite! Njia imefungwa.”

“Imefungwa na nani? Bendera hizo!”

“Na hilo tawi.”

“Utanifanya mjinga, wewe? Toka!”

Efrazia akatanua mikono. Walisukumana, raba moja ikamvuka, na hapo ndipo sauti ya tembo ilipopasua vichaka vya kushoto, karibu mno, wakahisi kifua kinatetemeka. Marta hakuuliza tena. Alishika njia ya kulia kama mshale.

Efrazia angeweza kumfuata, na kumpita alijua angempita. Lakini nyuma vumbi lilikuwa linakuja, watu zaidi ya thelathini, na hakuna kati yao ambaye angesoma chochote kwenye tawi. Alimtazama Marta akipotea nyuma ya kilima, na sare yake ikapotea naye.

“Kulia!” akaanza kupiga kelele. “Kulia jamani, kulia!”

Wa mwisho alipokwisha kupita, vichaka vya kushoto vikaachana. Wakatoka wanaume watano, mmoja mmoja, wameinama. Na nyuma yao Tobia, shati limechanwa na miiba, damu shavuni.

“Redio ilikufa,” alisema akihema. “Hawa walikuwa wameshaingia. Nilipata muda wa tawi moja tu.”

“Na kama angetangulia Marta? Si angeliruka?”

“Nilijua utatangulia wewe.”

Efrazia akakaa chini vumbini akalia kwa sauti, bila aibu, kiatu kimoja mguuni.

Jioni mhifadhi wa Mkomazi alimshukuru mbele ya watu wote, lakini nafasi akampa Marta. Kanuni ni kanuni, alisema. Mwakani ipo nyingine. Tobia alimkuta Efrazia kando ya uwanja, akachuchumaa mbele yake.

“Siku ile kwenye simu nilikaa kimya kwa sababu ulisema kweli. Niliogopa kuwa na mke wa kumngoja. Nisamehe, Efra. Leo roho za watu nimekuachia wewe, na sikuogopa.”

“Mwakani nakimbia.”

“Kimbia.”

“Na nikipata, navaa.”

“Nitakupigia pasi. Niwalete lini wazee wangu?”

Efrazia akajifuta uso kwa pindo la fulana. Kwa mara ya kwanza siku hiyo, akatabasamu.

“Jumapili, baada ya ibada. Njia ya kwetu ina panda mbili. Mpite ile isiyo na tawi.”

“Na nikikuta tawi kote kuwili?”

“Basi ujue nimekwenda mazoezini. Kaa hapo unisubiri.”