Lesieli Apima Presha Kabla ya Kushika Nyundo

Katika kijiji anakoishi Lesieli, kwenye visiwa vya Tonga, siku huanza kwa mlio wa nyundo za mbao. Wanawake huketi mbele ya magogo, wakiponda magome ya mti hadi yawe mapana na laini. Magome hayo huunganishwa kuwa ngatu, kitambaa kikubwa cha heshima. Mwezi ule Lesieli alikuwa na haraka. Binti yake, Vaimoana, alikuwa karibu kuolewa, na bibi harusi wa Tonga haendi kwa wakwe mikono mitupu.

Kila asubuhi Lesieli alitakiwa kumeza kidonge kimoja cha presha. Mwanawe aliyeko ng'ambo, mjini Oklandi, alikuwa amemletea mashine ya kujipimia. Kila alipoweka nyundo chini, jasho likimtiririka, alijipima papo hapo. Siku moja mashine ilionyesha 168 kwa 96. Akaongeza kidonge cha pili. Jumapili, siku ambayo hakuna anayeshika nyundo, ilionyesha 124 kwa 78. Akamwambia mumewe, Semisi, kwamba amepona. Jumatatu hakumeza kitu.

Akaendelea hivyo, leo viwili, kesho hakuna. Ijumaa, alipoinuka kutoka kwenye gogo baada ya kumeza viwili, kizunguzungu kilimshika, akaanguka. Semisi alimkimbilia jirani yao Kalolaine, muuguzi wa zahanati.

Kalolaine alimlaza, akampima, akapata 96 kwa 58. Lesieli alimweleza yote bila kuficha.

"Nikilazwa, ngatu ya mwanangu ataimaliza nani?" akauliza.

"Dada, ukitoka kufukuza nguruwe shambani, moyo hauendi mbio?"

"Unaenda."

"Basi siku ile ya 168 mashine ilipima nyundo. Wewe hukupimwa."

"Na Jumapili? Si nilikuwa nimepona?"

"Hukupona. Kidonge kilikuwa kinafanya kazi yake. Ukimfukuza mlinzi kwa sababu mwizi haonekani, unamkaribisha nani?"

Lesieli akamnyooshea Semisi mkono ainuliwe.

Walikwenda zahanati siku hiyohiyo. Daktari alimwangalia hadi presha ikatulia, akamrudisha kwenye kidonge kimoja kwa siku. Kalolaine akamfundisha pole pole. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unaposukuma. Ya chini ni nguvu yake moyo unapopumzika. Apime asubuhi, kabla ya kidonge, chai na kazi. Aende haja kwanza. Aketi dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kuzungumza. Apime mara mbili, apishe dakika moja katikati, aandike namba zote. Asiongeze wala asiache dawa bila daktari. Na namba ya juu ikifika 180, au ya chini 120, apumzike na kurudia. Ikibaki hapo, apige simu zahanati mara moja. Kukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au mkono kulegea, asingoje kurudia: aende hospitali.

"Mke wangu kukaa kimya dakika tano?" Semisi alicheka. "Hiyo dawa mngenipa mimi zamani."

Baada ya wiki mbili, daftari la Lesieli lilikuwa na namba za juu zilizokaribiana: 132, 128, 130. Daktari aliridhika.

Ngatu ilikamilika siku tatu kabla ya harusi. Wanawake wenzake walikuwa wameshazoea. Kila asubuhi walikaa kimya mbele ya magogo yao, nyundo zimetulia mapajani, wakimngoja Lesieli aandike namba zake. Alipofunga daftari, ndipo nyundo za kijiji zilipoanza kulia.