Elfu Sita za Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alipiga pasi koti la kazi la mama yake huku redio ikiunguruma dirishani. Mama alikuwa mshonaji katika kiwanda cha sare. Jina la Kasuku binti huyo alibandikwa na wenzake, maana kila alichosikia redioni alikitangaza darasani, tena kwa madoido. Maneno hayakumpa taabu. Taabu ilikuwa macho. Alikaa dawati la mbele kabisa, na bado maandishi ya ubaoni aliyaona kama ukungu, na alama zake za hesabu zilikuwa zikiporomoka kila muhula.

Siku moja redio ikatangaza kwamba kodi ya mapato imepunguzwa. Kila mwenye mshahara, mkubwa kwa mdogo, angebakiwa na nyongeza ya asilimia mbili ya mshahara wake. Mtangazaji akatoa mfano wa meneja mmoja ambaye angepata laki moja na elfu ishirini zaidi kila mwezi. Kasuku nusura aunguze koti. Asilimia ni ileile kwa wote, akawaza, basi na pesa ni zilezile. Hesabu hata hakuijaribu.

Jioni akapitia kwa fundi miwani, jirani na kiwanda. Fundi akampima, akaguna, akasema macho hayo yalistahili miwani tangu mwaka jana. Kasuku akachagua fremu nyembamba ya chuma, ya elfu tisini. Alipoulizwa kama mama anajua, akajibu bila kupepesa kwamba mama ndiye aliyemtuma, na angelipa mwisho wa mwezi. Fundi alikuwa akimwamini mama wa Kasuku kwa siku nyingi, basi akaanza kuchonga lenzi.

Mwisho wa mwezi ukafika. Mama aliingia nyumbani, akavua viatu, akaweka karatasi ya mshahara mezani. Kasuku aliidaka, akaisogeza hadi puani. Mshahara ulikuwa laki tatu, kama siku zote. Nafuu ya kodi: elfu sita. Akaigeuza karatasi kutafuta zilizobaki. Nyuma hapakuwa na kitu.

“Mama, wamekuibia,” alisema.

“Hakuna aliyeiba. Asilimia mbili ya laki tatu ni ngapi?”

Kasuku akahesabu kwa vidole, midomo ikimcheza. Elfu sita. Mama akamweleza kwamba hata yeye alikuwa amepigwa na butwaa. Siku ya tangazo, meneja wa kiwanda aliwakusanya uani akawaambia wote wamenufaika sawasawa, nao wakapiga makofi mpaka viganja vikawauma. Leo ndipo walipoona. Meneja analipwa milioni sita.

“Alikuwa akikatwa kodi kubwa kuliko mimi, ni kweli,” mama alisema. “Na mimi nimepata kitu, siwezi kukataa. Lakini yeye kapata mara ishirini yangu, halafu tukaambiwa ni sawasawa.”

Hapo Kasuku akaangua kilio, akayamwaga yote: fundi, fremu, na ule uongo. Mama alimtazama mwanawe kana kwamba ameletewa mtoto wa watu.

“Umesema mimi nimekutuma?” aliuliza taratibu. Kasuku alitamani achapwe kuliko kusikia sauti ile.

Kesho yake wakaenda pamoja dukani kwa fundi. Kasuku mwenyewe ndiye aliyeambiwa aseme, na akasema, huku machozi yakimdondoka juu ya kaunta. Lenzi zilikuwa tayari, na zisingemfaa mtu mwingine. Fundi akairudisha ile fremu ya chuma kabatini, akazipachika lenzi katika fremu nene ya plastiki. Bei ikashuka hadi elfu arobaini na mbili.

“Nitakulipa elfu sita kila mwezi,” mama alimwambia. “Ndiyo nafuu yangu ya kodi. Miezi saba itatosha.”

Kasuku alivaa miwani. Kitu cha kwanza alichokiona vizuri kilikuwa vidole vya mama juu ya kaunta, vimejaa alama za sindano. Hakuwahi kuziona. Alishtuka, akaona aibu hasa, akamwomba mama msamaha, kisha fundi.

“Nimekusamehe,” mama alisema. “Lakini shika mambo mawili. Ukiambiwa wote wamepata, uliza kila mmoja kapata ngapi, halafu piga hesabu mwenyewe. Na usitumie tena jina langu kwa jambo ambalo sijalisema. Fundi huyu hakukuamini wewe, mwanangu. Aliniamini mimi, na miaka niliyotumia kujenga imani hiyo huwezi kunirudishia kwa miezi saba.”