Feni ya Chumba cha Uyoga

Kila siku alipotoka shule, Chapchap alipita kwanza kwa shangazi yake. Alinawa mikono kwa sabuni, akavaa aproni iliyomfika miguuni, kisha akashika chupa ya kunyunyizia maji. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na wenzake darasani kwa sababu hakujua kufanya jambo polepole. Hata chai aliinywa ikiwa bado inafuka moshi, halafu akashinda analalamikia ulimi.

Shangazi alikuwa muuguzi mstaafu. Alikuwa amekodi chumba ambacho zamani kilikuwa cha kuokea mikate, akakijaza rafu za mbao, na kwenye rafu akapanga mifuko ya mabua yaliyochemshwa na kupandwa uyoga.

"Uyoga ni kama mtoto mchanga," alipenda kusema. "Unataka unyevu, unataka usafi, unataka hewa. Ukiunyima kimoja, hautanyamaza."

Hewa ndiyo iliyokuwa tabu. Chumba kilikuwa na dirisha moja tu, na juu yake aliishi mama mshonaji, aliyeshona magauni ya maharusi. Likifunguliwa, harufu ya mabua yaliyolowa ilipanda moja kwa moja hadi kwenye vitambaa vyake vyeupe. Likifungwa, uyoga ulikosa pumzi. Kwa hiyo shangazi alikata shauri kufunga feni ya kutoa hewa nje, pamoja na kichujio, yaani pipa la bati lililojazwa chembe za mkaa wa kunasa harufu. Hewa ingepita kwanza kwenye mkaa, iache harufu humo, ndipo itoke.

Fundi wa feni alikuwa na karakana upande wa pili wa mji. Kwenye simu alisema, "Nitumieni urefu wa chumba, upana wake, na kimo kutoka sakafuni hadi darini. Bila hivyo nitakuwa nabahatisha."

Shangazi alimpa Chapchap futikamba na simu, akaenda kupokea mabua.

Urefu ulikuwa mita tano. Upana, mita nne. Kwa kimo alihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa juu kwa mama mshonaji. Nje wenzake walikuwa wanamwita wakacheze mpira. Chapchap akakumbuka kuwa chumba chao cha kulala nyumbani kilikuwa na kimo cha mita mbili na nusu. "Dari ni dari," akajisemea. Akaandika mbili na nusu, akatuma, akatoka mbio.

Vifaa vilifika, na shangazi akavifunga mwenyewe huku mama mshonaji akimshikia ngazi. Feni ilipoanza kunguruma, wanawake wale wawili walipeana mikono kama walioshinda kesi.

Furaha hiyo haikumaliza wiki mbili. Uyoga ulichomoza ukiwa na mashina marefu, membamba, na kofia ndogo kama vifungo vya shati. Tena kila mlango ulipofunguliwa, harufu ilitoka ikapanda ngazi. Jumatano mama mshonaji alishuka amebeba gauni mikononi.

"Jirani, hebu nusa hapa begani."

Shangazi akanusa.

"Mwenyewe analichukua Jumapili," mama mshonaji akaendelea. "Nimekuvumilia kwa sababu wewe ni mtu wangu. Lakini ikifika Jumamosi hali ni hii hii, itabidi nimweleze mwenye nyumba."

Alipoondoka, shangazi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Mwenye nyumba akisikia, tutahama. Na yule fundi ametuletea feni ya kuchezea watoto. Nitampigia sasa hivi, na watu wote ninaowafahamu watajua kazi yake ilivyo."

Chapchap aliinua macho juu. Kwa mara ya kwanza aliitazama dari ile sawasawa, na ilikuwa mbali. Rafu ya juu kabisa haikufika hata nusu ya kimo chake. Angenyamaza, nani angejua? Lakini shangazi alikuwa ameshashika simu, na fundi wa watu hakuwa na kosa lolote. Akapiga moyo konde.

"Shangazi, usimpigie. Kimo sikukipima. Nilikisia."

Shangazi akaishusha simu taratibu. "Ulikisia?"

"Sikutaka kwenda kuazima ngazi. Wenzangu walikuwa wananisubiri. Nisamehe, shangazi."

Kisha shangazi akasimama na kukung'uta sketi yake. "Kalete ngazi."

Chapchap aliruka vidato viwili viwili. Wakapima mara ya kwanza, wakapima mara ya pili: mita nne kamili. Chapchap alichukua kalamu, akaandika nyuma ya gunia tupu.

"Tano mara nne mara mbili na nusu ni mita hamsini za ujazo. Hizo ndizo nilizomtumia. Kumbe chumba kina mita themanini. Kwenye jibu lake fundi alisema hewa yote ibadilike mara kumi kwa saa, kwa hiyo tunahitaji mia nane, si mia tano. Halafu tuongeze robo, kwa sababu mkaa huizuia feni kidogo. Shangazi, ni elfu moja. Tuna feni ya mia sita ishirini na tano tu."

"Basi masikini feni ya watu imejitahidi," shangazi akasema, na mdomo wake ukacheka kidogo bila kutaka.

Kesho yake baada ya shule walikwenda karakana pamoja, na Chapchap ndiye aliyeeleza. Fundi alimsikiliza hadi mwisho huku akifuta grisi vidoleni.

"Nami nina kosa langu," alisema. "Niliambiwa chumba kilikuwa cha kuokea mikate, nikajiuliza, ni waoka mikate gani hao waliofanya kazi chini ya dari fupi hivyo? Nikaona uvivu kuja kutazama."

"Kwa hiyo tubadilishe feni tu?" Chapchap akauliza.

"Na kichujio pia. Feni kubwa itaipitisha hewa mbio kwenye mkaa mdogo. Abiria wakiingia kwenye basi mbio, wote kwa pamoja, kondakta atawakatia tiketi saa ngapi? Harufu itapita bure."

Ijumaa alasiri fundi alikuja na feni kubwa na pipa refu la mkaa. Wakafunga, wakaziba nyufa kwa utepe, wakaacha tundu moja chini ya mlango la kuingiza hewa safi. Feni ikawashwa. Fundi alimpa Chapchap kipande cha karatasi laini.

"Kishike mbele ya tundu. Kikipepea kuja nje, tumeshindwa."

Chapchap akachuchumaa. Karatasi ilitikisika, ikalala, kisha ikavutwa ndani kwa nguvu hadi ikamponyoka. Alicheka kwa sauti, akakata kipande kingine, na kingine, mpaka shangazi akamnyang'anya.

Asubuhi ya Jumamosi mama mshonaji alisimama ngazini na gauni ambalo lilikuwa limefuliwa, likaanikwa juani siku mbili, kisha likalala chumbani kwake usiku kucha. Akavuta pumzi ndefu. Akavuta tena.

"Nasikia sabuni," akasema. "Sabuni tu. Endeleeni na kazi, jirani."

Siku kumi baadaye uyoga mpya ulifunguka, kofia pana kama visahani, shina fupi lililonona. Shangazi alichuma shada la kwanza, akaliweka kwenye viganja vya Chapchap.

"Mwanangu, kukosea kipimo ni jambo la kawaida. Hata hospitalini tulikosea, tukapima upya. Hatari ni kuandika usichokipima, kwa sababu anayesoma namba yako anaiamini. Wewe ulidanganya kwa namba moja, ikatuchosha wote. Lakini ulisema ukweli mapema, kabla sijamchafulia mtu jina. Hilo nimeliona, na ndiyo maana mavuno haya ya kwanza utayapima wewe."

Chapchap akaweka shada lile kwenye mizani, akasubiri mshale utulie kabisa, ndipo akaandika.