Dakika Ishirini za Kinyozi

Walikutana kwenye soko la mitumba, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa shati la bluu.

"Dada, hili la kiume."

"Na mimi nina kaka. Achia!"

Kinyozi akaachia, akacheka, akaomba namba. Alikuwa mrefu, viatu viking'aa. Yule dada, mwenye gauni la manjano na ulimi mwepesi, alikuwa mpokea simu wa zahanati. Miezi minane baadaye walikuwa wapenzi, na mpokea simu alikuwa amegundua jambo: kila siku saa saba na nusu mchana, simu ya kinyozi huzimwa kwa dakika ishirini.

Kazini kwake, simu isiyopokelewa ni kosa. Kwenye mapenzi aliihesabu kuwa ushahidi.

"Laazizi, jana mchana ulikuwa wapi?"

"Napumzika."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Mtu hazimi simu ili akae na nafsi yake!"

Kwa siku kumi na nne aliandika kila tarehe simu ilipozimwa. Siku ya kumi na tano aliomba ruhusa kazini, akamfuata hadi juu ya paa la jengo la saluni, viatu mkononi, akitega sikio kwa kicheko cha kike.

Kinyozi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kati ya matangi ya maji. Hakuwa na redio, gazeti wala mtu.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo wako!"

"Mpenzi, tangu asubuhi nimeshika vichwa kumi na vyote vinaongea. Mpira, siasa, mama mkwe. Kila kimoja kinataka jibu. Hapa hakuna anayenitaka."

"Na mimi nikikutaka?"

Akatazama saa. "Bado dakika kumi na moja."

"Afadhali ungekuwa na mwanamke! Mwanamke ningemshinda. Ukimya nitaushika nywele zipi?"

"Nataka kukuoa," kinyozi alisema. "Lakini dakika hizi nakuja nazo."

"Zote?"

"Zote."

"Kumi na tano."

"Ishirini, mpenzi."

Mpokea simu alivaa viatu, kimoja kimoja. "Jumapili baba yupo nyumbani. Uje na mjomba wako. Na simu iwe imewashwa."

Mlangoni aligeuka ghafla. Kinyozi alikuwa anatabasamu. Kwa ajili yake, au kwa kuwa anaondoka? Hakupata hakika. Akaufunga mlango taratibu, akakaa kwenye ngazi ya juu kabisa, ili asipite mwingine yeyote.