Jina Lililookotwa Jalalani

Jua linapochomoza, wasichana wa Fiatokope huwa wamekwisha kuloa hadi magotini. Kijiji chao kimekaa juu ya ukanda mwembamba wa mchanga, bahari upande mmoja, ziwa la maji ya chumvi upande wa pili. Mchanga huo peke yake haumlishi mtu. Kinachootesha vitunguu ni samadi, mabaki ya dagaa, na maji yanayochotwa kwenye visima vifupi kila asubuhi na kila jioni. Tuta likirukwa siku ya jua kali, majani hulala, na pengine yasiinuke tena.

Abla alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na matuta ya mama yake yalikuwa kazi yake kabla ya shule. Jina la Abla hupewa kila msichana wa Kiewe, kabila lao, aliyezaliwa siku ya Jumanne. Darasani mwao walikuwamo wengine wawili wenye jina hilo, naye alipenda kuwa mmoja wao, asiye na la kuulizwa.

Nyumbani alikuwa na jina jingine. Wazazi wake walimwita Adukpo, yaani jalala. Alimwomba mama yake, Aku, asilitamke nje ya ua, na Aku alikubali. Chini ya jicho la kushoto la Abla palikuwa na chale fupi, aliyochanjwa akiwa mchanga. Wenzake walipouliza, alisema alianguka. Mwenyewe alipouliza kwa nini alipewa jina kama hilo, mama yake alimjibu neno moja kila mara: "Ukikua utaambiwa."

Zamani kila ukoo ulikuwa na watu wenye majina ya namna hiyo. Tangu kliniki ilipojengwa na chanjo kuanza, yamepungua, na watoto wengi wa siku hizi hawajui yalitoka wapi.

Asubuhi moja Abla alikuwa akichota ndoo yake ya tatu wakati Sitsofe alipofika mbio, ndoo kichwani na jembe mkononi. Sitsofe alikuwa jirani yake. Alilelewa na bibi yake, mama mzazi wa baba yake, na shamba lao lilipakana na la kina Abla.

"Nipishe," alisema Sitsofe. "Matuta yangu yanakufa."

"Jana jioni yalikuwa hayafi? Ulikuwa wapi?"

"We Abla, usinichambe asubuhi hii."

"Sikuchambi, nakuuliza. Ngoja zamu yako. Wenzako nao wamesimama."

"Amelala mpaka vitunguu vimemwota," mmoja wa wasichana alisema, na wote wakacheka.

Sitsofe hakuwa mtu wa kuchekwa. Alitua ndoo chini.

"Mnanicheka mimi? Huyu mnamjua? Haitwi Abla huyu. Muulizeni kwao anaitwa nani."

"Nyamaza, Sitsofe," alisema Abla.

"Anaitwa Adukpo! Jalala! Hata hiyo alama usoni si ya kuanguka. Na bibi yangu ndiye aliyemwokota. Nimemsikia kwa masikio yangu haya akimwambia mgeni: 'Yule mtoto wa Agbenyega nilimwokota mimi, jalalani, juu ya maganda ya mihogo.' Aku si mama yako, mwenzangu. Wewe ni takataka uliyeokotwa!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Abla alikuwa ameshika ndoo ya bati, na ndani yake mlikuwa na maji. Aliizungusha kwa mikono miwili. Ukingo wake ulimpata Sitsofe juu ya jicho la kulia na kuipasua nyusi. Sitsofe alianguka juu ya tuta, akainuka na jembe, akalitupa. Lilipita karibu na goti la Abla na kuchimba mchanga. Kisha walikamatana. Sitsofe alimwuma Abla begani mpaka meno yakaingia. Abla alimshika nywele na kumgongesha uso chini, mara moja, mara ya pili. Wasichana walipofaulu kuwatenganisha, damu ilikuwa imefunika nusu ya uso wa Sitsofe, na jicho lake lilikuwa halifunguki.

"Amemtoboa jicho!" mmoja alipiga kelele. "Jamani, jicho limetoka!"

Mwanamume mmoja aliacha shamba lake, akampakia Sitsofe kwenye pikipiki na kumkimbiza kliniki. Bibi yake alifuata kwa pikipiki nyingine. Abla aliiacha ndoo pale pale, akaenda nyumbani.

Aku alikuwa akisonga akple, ugali wa mahindi, kwa ajili ya chakula cha asubuhi. Aliona damu, akauacha mwiko ndani ya chungu.

"Umeumia wapi?"

"Mama, mimi ni mtoto wako?"

"Swali gani hilo?"

"Sitsofe anasema niliokotwa jalalani. Bibi yake ndiye kasema. Ni kweli au si kweli?"

Aku alitazama mlangoni, kana kwamba pana mtu anayesikiliza. "Nyamaza," alinong'ona. "Neno hilo halisemwi hapa."

Kwao, mama aliyefiwa na watoto hawataji marehemu mbele ya yule aliyebaki. Wanaamini kwamba kifo kina masikio, na kwamba kikikumbushwa njia ya nyumba kitarudi. Aku alishika desturi hiyo kwa miaka kumi na miwili, na hakujua namna ya kuiacha kwa dakika moja. Abla hakujua lolote kati ya hayo. Alichoona ni mama anayeogopa kujibu.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema.

Hakupata nafasi ya kusema zaidi. Lango la ua lilipigwa teke likalala, na Abla akakimbilia chumbani. Waliingia Atsu na Etse, kaka zake Sitsofe. Walikuwa mapacha wa miaka kumi na minane, wavuta juya, na kila mmoja alikuwa na mti wa kubebea nyavu.

"Yuko wapi?" alisema Atsu. "Mtoeni huyo mtu wenu."

"Wanangu, dada yenu yuko hali gani?" Aku aliuliza. "Kaeni kwanza tuzungumze."

"Tutazungumza akiwa na macho mangapi?"

Etse aliipiga mitungi ya maji mmoja baada ya mwingine, ikapasuka. Atsu alikipindua chungu, akple ikamwagika motoni. Aku alisimama kwenye mlango wa chumba alimokuwa Abla na kunyoosha mikono. Mti ulishuka. Pengine Atsu alikusudia kuupiga mlango tu. Lakini ulimpata Aku mkononi, na kila aliyekuwa uani alisikia mfupa ukivunjika.

Hapo ndipo Agbenyega, baba yake Abla, alipotokea akitoka ziwani. Alikuwa mtu mpole, asiyepandisha sauti hata kwa mbuzi. Alimwona mkewe ameketi chini, ameushika mkono wake uliopinda. Alichomoa panga kwenye paa la banda.

"Mzee Agbenyega, usifanye hivyo!" majirani walipiga kelele ng'ambo ya ua. Hakuna aliyeingia.

Pigo la kwanza liliukata mti wa Atsu vipande viwili na kumchana mkono toka kiwiko hadi karibu na kifundo. Atsu alirudi nyuma, akajikwaa juu ya vigae vya mitungi, akaanguka chali. Etse aliokota jiwe la kusagia. Agbenyega aliinua panga mara ya pili, na usoni mwake hamkuwa na dalili kwamba angelisimamisha.

"Mkate!" ilisikika sauti ya mwanamke. "Mkate basi, ila unikate mimi kwanza."

Alikuwa Bibi Kosiwa, bibi yake Sitsofe, mkausha samaki, mwembamba, mwenye sauti ya sokoni. Kitambaa chake kilikuwa na damu ya mjukuu wake kuanzia kifuani. Watu walitarajia kwamba amekuja kudai damu nyingine. Alipita kati ya panga na jiwe, akampiga Etse kofi, jiwe likamdondoka.

"Nani amewatuma kuvunja mitungi nyumbani kwa binti yangu?"

"Binti yako gani, Bibi?" Etse alisema, ameshika shavu. "Huyu ndiye aliyemtoboa Sitsofe!"

"Huyu huyu." Aliingia chumbani, akamtoa Abla kwa kumshika mkono, akamsimamisha katikati ya ua. "Agbenyega, weka panga chini. Huwezi kumwaga damu ya nyumba iliyokupa mtoto."

Agbenyega aliliacha panga lianguke.

"Kwa hiyo kweli uliniokota," Abla alisema.

"Nilikuokota, ndiyo. Aku, samahani, nitasema. Wewe hukusema, na tazama ua wako."

Aku aliinamisha kichwa. Hakumzuia.

"Mama yako alizaa watatu kabla yako," Bibi Kosiwa alimwambia Abla. "Wa kwanza alikufa kwa surua. Wa pili kwa homa. Wa tatu hakufika siku ya nane, na mtoto asiyefika siku ya nane hapewi jina. Alizikwa hivyo hivyo, bila jina. Ulipokuja wewe, mama yako aliumwa uchungu kutwa nzima ndani ya chumba hicho, na kitovu chako nilikikata mimi. Usiniulize tena nani alikuzaa. Nilikuwapo, wewe hukuwa na habari."

Jirani mmoja alicheka, akajizuia.

"Tulikuogesha, tukakulaza jalalani kwenye ungo, juu ya maganda ya mihogo. Nikapita kama mpita njia. Nikakuokota, nikapaza sauti: 'Nimeokota kitu hapa, nani anakitaka?' Mama yako akakununua kwangu kwa kauri chache. Nikakuchanja hapo chini ya jicho, nikakuita Adukpo. Kifo huja kuchukua kilicho kizuri. Nani atagombania jalala? Hivyo ndivyo walivyofanya wazee wetu pale walipokuwa hawana jingine la kufanya. Siku hizi tuna sindano pia, na wewe sindano zote ulichomwa, nilikupeleka mwenyewe. Lakini jina ulipewa na watu waliotaka uishi, si na watu waliokutupa."

Abla alimtazama mama yake. Aku alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka, mkono umemvimba.

"Na kuna jambo jingine usilolijua," Bibi Kosiwa aliendelea. "Aliyeokotwa ni mtoto wa aliyemwokota pia. Siku nikifa, utanyoa nywele pamoja na wanangu. Sasa niambie, Sitsofe ni mtoto wa nani?"

"Wa mwanao."

"Basi wewe ni nani kwake?"

Abla alifikiri. "Shangazi," alisema polepole.

"Shangazi. Umempasua uso binti wa kaka yako kwa ndoo."

"Jicho lake, Bibi?"

"Jicho lipo. Nimemwacha daktari akishona nyusi. Ndoo ingeshuka upana wa kidole kimoja, leo ungekuwa shangazi wa chongo."

Abla alikaa chini juu ya mchanga uliolowa maji ya mitungi, akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Agbenyega mwenyewe aliufunga mkono wa Atsu kwa kitambaa, kisha akawapeleka kliniki Atsu na Aku pamoja. Wakuu wa koo hizo mbili walikutana na kuamua. Mapacha walitengeneza lango, walileta mitungi mipya, na walimlimia Aku mpaka mkono wake ulipounga. Mbele ya watu wote waliomheshimu, Agbenyega alikatazwa kushika panga nje ya shamba lake, na aliinama kukubali. Abla alimwagilia matuta ya Sitsofe pamoja na yake, asubuhi na jioni. Nusu ya matuta hayo yalikuwa yamekauka siku ya ugomvi na hayakuinuka tena.

Siku nyuzi zilipotolewa, Bibi Kosiwa aliwaita wasichana wote wawili kwenye majiko yake ya samaki. Sitsofe alikaa mbali kidogo na Abla.

"Jina la Adukpo nililitoa mimi, na mimi naweza kuliondoa," Bibi alimwambia Abla. "Ukitaka, tutaita watu, tutamwaga maji juu ya paa yakudondokee kama siku ya nane, na utakuwa Abla tu. Lakini sikilizeni kwanza. Jina hilo limekaa kijijini miaka kumi na miwili na halijapasua mtu. Sitsofe, ulisikia nusu ya habari, ukaifanya jiwe, ukamtupia mwenzako. Na wewe, mtu alikutupia neno, ukarudisha chuma. Neno linaweza kusahihishwa, tumelisahihisha hapo uani kwenu kwa muda mfupi tu. Jicho lingesahihishwa na nani? Ukitukanwa, uliza ukweli kwa mkubwa kabla hujainua mkono. Na mkubwa akiulizwa, ajibu. Sisi tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kumemvunja Aku mkono."

Kisha akawapa kila mmoja samaki wa moto, akarudi kwenye moshi wake.

Kesho yake Sitsofe alirudi kisimani. Juu ya jicho lake palikuwa na kovu jekundu, na wasichana walipisha njia, wakimtazama yeye, kisha wakimtazama Abla aliyekuwa akichota. Sitsofe alitua ndoo. Alikuwa amechelewa tena.

"Shangazi Adukpo," alisema kwa sauti iliyosikika hadi matuta ya mbali, "naomba kuchota."

Wasichana waliangua kicheko. Mmoja aliuliza tangu lini, na kwa vipi. Msichana mwenye chale chini ya jicho aliinua ndoo yake, akaimimina yote kwenye ndoo ya Sitsofe.

"Kaeni niwaambie," alisema. "Niliokotwa jalalani, na mama yangu alininunua."