Nilikalia Pipa la Silaha, Mwanangu Akaniinulia Panga

"Mama, toka juu ya hilo pipa!"

Panga lilikuwa juu ya kichwa changu. Na mkono ulioshika panga hilo nimeuogesha mimi, nimeukata kucha mimi, nimeufundisha kushika kijiko mimi!

"Sitoki."

"Mama, nitakukata!"

"Kata."

Jamani... alikuwa mwanangu. Kitinda mimba wangu! Mtaani wanamwita Nondo. Jina nililompa mimi silitaji, maana siku ile hakuwa nalo.

Ngojeni niwaeleze taratibu. Mkono wangu wa kulia haujarudia nguvu zake, naandika kwa wa kushoto, mnivumilie.

Timu yetu kubwa, ile ya ligi kuu, ilifungua kituo cha vijana kwenye ghala la zamani nyuma ya stesheni. Yeyote alikaribishwa. Wa kike, wa kiume, anayesoma, aliyefukuzwa shule. Anapewa viatu, jezi, chakula cha mchana na mazoezi.

Sharti lilikuwa moja tu: silaha unaiacha mlangoni.

Na silaha zilikuwepo, msicheke! Visu vya kukunja. Bisibisi zilizonolewa zikawa kama sindano. Minyororo ya baiskeli. Mapanga yaliyokatwa mpini ili yaenee kwenye begi la shule. Vyote vinatumbukizwa kwenye pipa la mafuta ambalo mfuniko wake umetobolewa tundu refu. Ukishatumbukiza, hurudishiwi. Unachukua viatu vyako kwenye msumari ukutani, unaingia uwanjani.

Pipa halikuwa na kufuli. Kufuli nilikuwa mimi!

Kocha ndiye aliyeniomba. "Bibi, hawa wanampiga askari, wanampiga mwalimu. Lakini nani atamsukuma bibi?"

Sote tukaona amesema la maana. Hapo ndipo tulipokosea.

Basi kila siku niliweka mto wangu juu ya mfuniko, nikakaa. Mjukuu wangu wa kike, mtoto wa marehemu binti yangu, ndiye aliyekuwa golikipa wa kituo. Wenzake walimwita Ukuta.

"Bibi, pipa linakuogopa," ananitania akipita.

"Liniogope, mke mwenzangu. Hata babu yako aliniogopa."

Shida ilikuwa hii... Nusu ya vijana waliotumbukiza silaha pale walikuwa wa Nondo. Kila anayepata viatu, Nondo anapungukiwa mtu mmoja na panga moja. Na kundi la ng'ambo ya reli lilikuwa limeshamtumia salamu: tukutane tumalizane.

Alhamisi hiyo, jua la mchana linawaka, kocha alitoka na basi kwenda kuwachukua wachezaji wa timu kubwa. Huwa wanakuja kufanya mazoezi na watoto. Mtaa mzima unajua.

Nondo naye alijua.

Kwanza nilisikia geti likigongwa na kitu kizito. Kisha watoto wakaingia mbio kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nilipokuwa nimekaa na pipa langu, wengine na kiatu mguu mmoja.

"Bibi, wamekuja! Wana mashoka!"

Yule beki mkubwa, Kisiki, aliyewahi kuwa mtu wa Nondo, akafunga mlango na kuuegemeza benchi. Akanigeukia.

"Bibi, toka hapo tuchukue vitu vyetu! Tujitetee!"

"Rudi nyuma."

"Bibi, watatuua!"

"Nimesema rudi nyuma! Dirisha la bafuni. Wadogo watangulie."

Wakanitazama kama wananiona kwa mara ya kwanza.

"Anamlinda mwanawe huyu!" mmoja akapiga kelele. "Oya, bibi ametuuza!"

Mwingine akatema mate miguuni pangu.

Ukuta akanikaribia, macho yamemjaa machozi.

"Bibi... ni kweli?"

Nilitaka kumwambia. Wallahi nilitaka! Lakini shoka lilikuwa limeshaanza kupasua mlango.

"Wapandishe wadogo," nikamwambia. "Nenda!"

Wakakimbilia bafuni, wanapandiana mabegani. Dirisha lenyewe dogo, mtu anapita bega moja kwanza. Nikiwa nimekaa pale nasikia wakiruka upande wa pili... puu... puu... puu...

Kisiki alibaki kushikilia benchi. Peke yake.

Mlango ukapasuka. Chuma kikapita kwenye ufa kikampata mdomoni. Meno yake yakadondoka kwenye vigae, nikayaona yakiteleza. Akaanguka, wakamkanyaga wakipita, akatambaa hadi bafuni huku damu inamfuata.

Walitaka kumfuata.

"Mwacheni huyo!" Nondo akawafokea. "Pipa kwanza!"

Ndipo akaniona vizuri.

"Mama, sitaki ugomvi na wewe. Toka."

"Unazitaka za nini?"

"Jioni tuna kazi."

"Kazi gani ya mapanga, na wewe hujawahi hata kulima?"

Wenzake wakacheka. Nikaona uso wake umebadilika.

"Mama, unaniaibisha mbele ya wana!"

"Na wewe hapa ulipo, unanipamba?"

Teke likanipata ubavuni!

Pumzi ikakata. Nikakumbatia ukingo wa pipa kwa mikono yote miwili. Akanivuta kwa kilemba, nywele zangu za mvi zikabaki wazi mbele ya watoto wa watu. Sikuachia. Akanipiga kofi. Sikuachia. Akageuza panga, akanipiga mkono kwa mgongo wa panga, na nikasikia mfupa ukialika kama kuni kavu.

Nilipiga yowe, siwafichi. Lakini nilibaki pale pale.

Ndipo akaligeuza panga upande wa makali...

"Mjomba, mwache bibi!"

Ukuta! Alikuwa amerudi! Wadogo wote wameshatoka, yeye amerudi!

Panga likashuka. Na yule mtoto akaruka. Akaruka vile anavyoruka kwenye penalti, mikono mbele, mwili wote hewani.

Alilidaka.

Akaanguka juu yangu, sote tukaanguka chini pamoja na pipa. Damu yake ilikuwa ya moto kifuani pangu. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havikuwepo tena.

Na pipa likabiringika...

Ngo... ngo... ngo... mpaka ukutani. Mfuniko ukaangukia kule.

Halikumwagika kitu. Hata msumari!

Wote wanalitazama.

"Ziko wapi?" Nondo akauliza. "Mama, silaha ziko wapi?"

"Umepita katikati yake ulipoingia."

Akageuka. Kupitia mlango uliovunjika, uwanja ulionekana wote. Magoli mapya mawili, meupe, rangi haijakauka vizuri.

Fundi wa kuchomelea alikuja asubuhi watoto wakiwa shule, akamalizia kuyasimamisha. Mapanga, bisibisi na minyororo, vyote alishavikata, akaviunga vikawa magoli. Tulijua watatu tu: yeye, kocha na mimi. Nahodha wa timu kubwa ndiye angewaambia watoto jioni ile, iwe furaha yao.

Sasa nielewe, msomaji. Ningewaambia watoto kwamba pipa ni tupu, mmoja angepayuka, na wale wa mlangoni wangesikia. Wangeachana na pipa, wawageukie watoto kabla hata nusu yao hawajapita dirishani. Kwa hiyo nilikaa. Nililinda hewa tupu, na mwanangu akanivunja mkono kwa ajili ya hewa tupu!

Kisha nikasikia kitu ambacho sikukitegemea.

"Oya Nondo," mmoja wa watu wake akasema polepole. "Umetuleta kupiga kikongwe na pipa tupu? Na jioni wale jamaa wanatungoja?"

"Subirini, wana..."

Hakumaliza. Chuma kilimpata shingoni.

Wakamshukia wote! Walewale aliowalisha, aliowavalisha. Mateke, mashoka kwa upande wa mpini, mnyororo usoni. Nilimwona akijikunja. Nikaona jicho lake moja likifumba kwa damu.

"Mama!" akaita. "Mama wee!"

Na mimi niko chini, mkono umevunjika, nimebana kiganja cha Ukuta kwa kilemba changu damu isimwishe. Ningemwachia yupi?

Sikumwachia Ukuta.

Mara mtu akatoka bafuni anayumba, mdomo wote ni damu. Kisiki! Akajitupa juu ya Nondo, akamfunika kwa mwili wake, mateke yakawa yanampata yeye.

"Inatosha! Inatosha, mtamuua!"

Hapo ndipo basi lilipoingia. Watoto waliopita dirishani walikuwa wamelikimbilia barabarani. Kocha, nahodha, wachezaji wote wakashuka kwa pamoja, na wale mashujaa wa mapanga wakaruka ukuta kama paka.

Daktari wa timu alimfunga Ukuta mkono akiwa amepiga magoti kwenye damu. Vidole havikurudi. Siku hizi anacheza mbele, na anasema magoli yale anayajua kuliko kipa yeyote.

Mahakamani nilisema yote. Teke, kofi, mkono, panga. Mtaani wakanisema: mama gani anamfunga mwanawe? Nawaachia na maneno yao.

Majuzi nilikwenda kumwona gerezani. Jicho moja halioni tena. Akanigeuzia lile zima, akasema:

"Mama, mbona hukuniambia kwamba ni tupu? Nisingekupiga."

"Najua, mwanangu. Ungempiga nani?"

Akainamisha kichwa. Askari alipopiga kelele kwamba muda umekwisha, ndipo akauliza:

"Mkono wa Ukuta... bado unamuuma?"

"Kukiwa na baridi."

Akalia. Nami nikalia. Lakini sikumwambia nitamtoa.

Wazazi wenzangu, mtoto anayewatisha watoto wa wenzenu, msiseme nyumbani ni mpole. Siku moja atakukuta umekaa kati yake na kile anachokitaka, na hapo hutakuwa mama. Utakuwa kizuizi. Mshitaki mapema, angali anaweza kupokea viatu mlangoni.

Mto wangu bado uko kituoni. Wiki iliyopita pipa lilianza kujaa tena, na kufuli limeshapona mbavu.