Breki za Shukrani

Gari lilikuwepo. Magurudumu yalikuwepo. Hata redio, ambayo vibaka wa mjini hawaiachi, ilikuwepo. Kilichoibwa ni breki za mbele peke yake.

Inspekta Ndalahwa alichutama mbele ya lile Pijo la zamani, uani kwa Daktari Rugambwa kule Pasiansi, akalitazama kama mama anavyomtazama mtoto asiyejua kusema panapomuuma. Gari lilipandishwa juu ya mawe, likakaa sawasawa, halikuinama upande wowote.

"Koplo Shimba," alisema bila kugeuka. "Kitendawili."

"Tega, afande."

"Mgeni wangu kaja bila hodi, kala kitoweo chote, sufuria kaniachia imesuguliwa."

Shimba alikuna kisogo. "Paka?"

"Paka gani anasugua sufuria, Shimba? Hebu tazama."

Shimba alitazama. Magurudumu mawili ya mbele yalikuwa yameegemezwa ukutani. Nati zote zilikuwa ndani ya kifuniko cha gurudumu, zimelala kama mayai kwenye kiota. Na zile paipu nyembamba zinazopeleka mafuta kwenye breki hazikukatwa. Zilifunguliwa kwa spana, zikazibwa kwa vijiti vilivyochongwa, tena vikaviringishiwa pamba safi ili vumbi lisiingie.

"Mwizi wa kawaida hukata akakimbia," Ndalahwa alisema. "Huyu alilihurumia gari. Alama za vidole?"

"Zimefutwa, afande. Kafuta kwa kitambaa."

"Amefuta alama, au amefuta vumbi?"

Shimba hakujua. Inspekta naye hakujua, ila shaka ilianza kumwingia.

Daktari Rugambwa alitoka ndani akifunga vifungo vya koti lake jeupe. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kanisani, lakini asubuhi ile sauti ilikuwa imekauka.

"Inspekta, unachutama bure. Mwizi mnaye tangu alfajiri. Ni Chenge."

"Umemwona?"

"Nimemsikia! Mwaka jana kwenye mbio za magari za Saba Saba alinishinda kwa sababu breki zangu zilikuwa za ngoma. Zikipata moto zinalegea. Ule mteremko wa Mkolani unaoishia kwenye kona ya jiwe niliushuka nikisali. Mwaka huu nimefungiwa breki za diski, zimetoka kwenye Pijo jipya lililopinduka. Juzi Chenge akasema mbele ya watu, 'Daktari, hizo breki hazitaiona Saba Saba.' Keshokutwa ndiyo Saba Saba, na kweli hazitaiona."

"Nani alizifunga?"

Uso wa Daktari ulilainika. "Fundi Luhaga. Alikataa malipo. Alisema ni shukrani, basi."

Ndalahwa aliitikia kwa kichwa. Macho yake yalikuwa chini, penye tone la mafuta chini ya paipu ya kulia. Sisimizi walikuwa wamelizunguka, wengine wakija kwa mstari toka kwenye ua, kama watu waendao harusini. Alichovya kidole, akanusa. Akanusa tena.

"Daktari, mmekaanga maandazi hapa?"

"Maandazi? Inspekta, nimeibiwa!"

"Pole sana, Daktari," alisema Ndalahwa, akafunga tone lile ndani ya karatasi kama kielelezo.

*

Chenge alikuwa mahabusu, amekalia ndoo iliyopinduliwa, amekunja mikono.

"Jina?"

"Afande, juzi tumekula sato meza moja mgahawani kwa Paskazia. Leo hunijui?"

"Jina."

"Chenge. Dereva wa lori la pamba. Bingwa wa Saba Saba. Andika na hilo."

"Ulisema breki za Daktari hazitaiona Saba Saba?"

"Nilisema. Nilisema pia kwamba Daktari anaendesha kama anayesindikiza maiti. Mbona hilo halijaandikwa?"

"Usiku wa jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Mke wangu alikuwa ananisema."

"Mpaka saa ngapi?"

"Bado hajamaliza. Mwulize, ataendelea alipoishia."

Koplo Shimba aligeukia ukuta, mabega yakamtikisika. Ndalahwa hakucheka. "Chenge, sikiliza. Kesho asubuhi unafikishwa mahakamani. Nisipompata mwingine, mwizi ni wewe."

Mzaha ukamtoka Chenge kama hewa kwenye tairi. "Afande. Dereva akishaitwa mwizi hapewi lori tena. Hata akija kushinda kesi, watu hukumbuka mashtaka tu. Mimi sijui kulima, sijui kuvua. Najua usukani. Ukininyang'anya huo umenizika."

"Basi nifundishe. Mafuta ya breki yanapendwa na sisimizi?"

"Sisimizi? Hata nzi anayakimbia! Yale yakidondoka kwenye rangi ya gari yanaibabua."

"Na mtu akiyakosa? Maana mwaka huu madukani hayapatikani."

Chenge alifikiri. "Wengine hutia maji ya sabuni wafike nyumbani. Wengine, Mungu awasamehe, hutia mafuta ya pamba, haya ya kupikia. Mwanzo breki inashika vizuri, unasifu. Lakini ile mipira ya ndani inayanywa, inaumuka kama andazi. Siku utakapoikanyaga kwa haja, inakuacha mkono."

"Kama ni kwenye mteremko wa Mkolani?"

"Kwenye mteremko ule, afande, unamkuta mtume Petro kabla ya jiwe." Kisha akamkazia macho Inspekta. "Kwani nani katia mafuta ya pamba?"

*

Karakana ya fundi Luhaga ilikuwa ni kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake, mwendo mfupi toka kwa Daktari. Ilikuwa saa za kazi, jua limewaka, lakini fundi hakuwa chini ya gari lolote. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa shati jeupe la Jumapili. Miguuni pake palikuwa na kifurushi: blanketi na kipande cha sabuni.

Mkewe, Dorotea, alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, Inspekta," Luhaga alisema, akainuka.

"Marahaba. Shati zuri. Unakwenda wapi siku ya kazi?"

Luhaga alikitazama kile kifurushi.

"Breki za Daktari ulizifunga wewe?"

"Mimi."

"Mafuta ya breki ulipata wapi?"

Kuku alipita kati yao, akadonoa, akaenda zake. Ndalahwa alizunguka kibanda polepole. Juu ya rafu aliona kopo la mafuta ya pamba, na ndani yake kitu cheusi kinaelea. Alikitoa kwa vidole viwili. Kilikuwa kipira cha breki, kimevimba hata hakitambuliki. Akakinusa. Maandazi.

"Fundi Luhaga," alisema taratibu, "nani mwizi wa breki?"

"Usiseme!" Dorotea alipiga ukelele. "Baba Kija, ukisema umerudisha!"

"Nilikuwa nakuja kituoni, afande," Luhaga alisema. "Jana nilidhani watasema tu mwizi, mwizi, basi yaishe. Leo nikasikia mmemkamata Chenge. Nikavaa shati. Mama Kija akanishika miguu, ndipo nimekaa hapa tangu asubuhi. Breki zimo kwenye gunia la pumba, pale. Sikuziuza. Nifunge, ila Chenge mwachie."

"Sasa nieleze. Umempa mtu zawadi, ukamwibia. Mbona mimi napotea?"

Luhaga alikalia tena kigoda, akaanza, macho yameelekea kwa mwanawe.

"Mwaka jana Mama Kija alishikwa na uchungu tuko kwa wakwe, ng'ambo ya Kigongo. Mtoto kalala vibaya tumboni. Daktari alikuwa amekuja huko kuchanja watoto. Alitupakia kwenye Pijo lake, tukavuka kwa kivuko, mvua inanyesha mchana kutwa. Mimi nilikaa mbele. Kila mteremko nilimwona anakanyaga breki na mguu unakwenda mpaka chini, hakuna kitu. Akashuka kwa gia. Jasho linamtoka, na huku nyuma anamwambia mke wangu, 'Mama, tunakaribia.' Tukafika. Wakatoka wawili wazima, mama na mtoto. Nikaapa: gari lililomleta mwanangu duniani, mimi nitalipa breki."

"Ukazipata."

"Nikazipata, nikazifunga kwa moyo wote. Mafuta yake ndiyo nikayakosa. Nikatafuta mji mzima. Nikasema, haya ya pamba ni mafuta, na yenyewe si yanasukuma? Nikajaribu barabarani, zikashika kama gundi. Daktari akanikumbatia. Kipira kimoja cha akiba kilikuwa kimeangukia humo koponi, mimi sijui. Juzi nikakiona hivyo."

"Si ungemwambia!"

"Nilikwenda! Nikamwambia, 'Daktari, niletee gari nilikague.' Akacheka, akanishika bega. 'Luhaga, umefanya ya kutosha, usijisumbue tena.' Nilishindwa kuendelea, afande. Kwetu bibi yetu alituonya: shukrani hairudishwi. Aliyeshukuru akisema nipe nilichotoa, anaambiwa na wewe toa ulichopewa." Akaonyesha mgongoni kwa mkewe. "Nilichopewa ndicho hicho, kimelala hapo."

Koplo Shimba aliacha kuandika.

"Nikiziomba, naogopa kwa mtoto. Nikinyamaza, Daktari anakufa kwenye kona ya jiwe. Nikafikiri sana. Nikasema, mwizi akichukua, mimi sijarudisha kitu. Jana usiku Daktari alikuwa zamu hospitali, gari kaliacha nyumbani. Nikawa mwizi."

*

Kituoni Ndalahwa aliwaita wote chumba kimoja. Hakutaka maneno yapitie kwenye midomo ya watu yakaongezewa chumvi. Alisoma maelezo ya mtuhumiwa mwanzo hadi mwisho, kisha akaweka kile kipira kilichovimba juu ya meza.

Daktari Rugambwa alikichukua. Alikiminya, kikamomonyoka. Akakaa kitako.

"Keshokutwa ningekuwa naushuka ule mteremko," alisema.

"Na mimi nyuma yako!" Chenge alidakia. "Mimi huwa nakuganda kama mkia, nasubiri ukosee. Wewe ungebandikwa kwenye jiwe, mimi ningebandikwa kwako. Wangetuzika kaburi moja, na mke wangu angekuja kunisema hapo hapo."

Hapo hata Inspekta alicheka. Kisha akakohoa, akarudisha uso wa kazi.

"Wizi ni wizi. Daktari, wewe ndiye mlalamikaji. Chenge, wewe ndiye uliyekaa mahabusu bila kosa. Semeni."

Daktari aliinuka, akaanza na Chenge. "Ndugu Chenge, nilikuita mwizi bila kukuona. Nitakuja kwako, niseme mbele ya mkeo na majirani kwamba nilikosea. Nisamehe."

"Njoo mapema," alisema Chenge, "apate cha kusema zaidi ya mimi." Lakini alimpa mkono, na hakuuachia upesi.

Ndipo Daktari akamgeukia Luhaga. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. Dorotea alikuwa amemshusha mtoto mgongoni, amemkumbatia kwa mikono miwili kama anayengoja mtu aje kumchukua.

"Luhaga, unajua mimi nimepokea shukrani yako lini?"

"Nilipofunga breki."

"Hapana. Kija alipolia mara ya kwanza, wewe ulipiga magoti sakafuni ukasema asante, hata hukujua unamwambia nani. Mimi nilikuwa nanawa mikono pale pale. Ile ndiyo niliyopokea, na ile haina mipira ya kuvimba. Haya mengine ni vyuma tu. Inspekta, naondoa malalamiko. Mtu aliyeniokoa nitamshtakije? Ni mimi ninayesema asante leo, na mnisikie wote."

Luhaga alifunika uso kwa viganja. Dorotea alibaki akimtazama Daktari, hofu haijamtoka.

"Mama Kija," Daktari alisema, akanyoosha mikono, "hebu nipe nimshike kidogo. Nitamrudisha, usiogope."

Dorotea alisita. Alimtazama mumewe, akamtazama Inspekta. Kisha, polepole, akamtoa.

Daktari alimwinua Kija juu. Mtoto alikunja uso, akawaza jambo lake, kisha akalimwaga. Mkojo ukatiririka kifuani kwa Daktari, kwenye lile koti jeupe, ukashuka mpaka kwenye kiatu.

Wote wakamtazama Daktari.

"Daktari," alisema Chenge, "huyo naye wamemtilia mafuta ya pamba. Hana breki kabisa!"

Dorotea ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, machozi yanamtoka, anacheka na kumshukuru Mungu kwa Kisukuma. Daktari naye, amelowa hivyo hivyo, alimkumbatia mtoto zaidi.

Inspekta Ndalahwa alifungua mlango wa kituo, akauacha wazi.